Kioo Kimelala, Maji Yanapanda

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mstari. Sina maana ya mstari wa mpaka wa kiwanja, ambao watu huupeleka mahakamani hadi wajukuu wakairithi kesi. Nina maana ya ule mstari unaotembea juu ya kioo cha kompyuta, ukipanda na kushuka, kutuonyesha jambo linalotokea saa ile ile: mapigo ya moyo wa mgonjwa, nguvu ya umeme katika jenereta, mtikisiko wa ardhi, au kina cha bahari. Aliyepata kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi anaufahamu. Mstari ukicheza roho hutulia, ukinyooka watu huanza kukimbizana.

Tatizo ni kwamba mstari unaweza kucheza vizuri kabisa na huku unasema uwongo. Unaonyesha yaliyotokea nusu saa iliyopita, nawe unayetazama hujui. Mashine haikuharibika, waya haukukatika, umeme upo. Ni programu tu imelemewa na kazi ya kuchora. Na dawa yake, kama nitakavyoeleza, mara nyingi si kununua kompyuta nyingine.

Jambo hili nimeliona kwa macho yangu Kisiwa Panza. Kwa wasiopajua, hicho ni kisiwa kidogo upande wa kusini wa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Unakwenda hadi Chokocho, na hapo unapanda chombo. Kwa miaka mingi wakulima wa huko wana kilio kimoja: bahari inaingia mashambani. Mahali palipokuwa pakitoa mpunga pamejaa chumvi, na udongo uliokwisha kunywa maji ya bahari haurudi katika hali yake kwa mvua za msimu mmoja. Watu wamepanda mikoko, wameinua matuta, lakini maji nayo hayajachoka.

Hatari kubwa ni siku za bamvua. Wenzetu wa bara nawaeleza kidogo. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani za Unguja na Pemba tofauti kati ya kupwa na kujaa siku hizo hukaribia mita 4. Katikati yake ndizo siku za maji mafu, bahari inapokuwa na nguvu kidogo. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kadhaa, lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni yao ya sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu sehemu tatu, ya nne tatu tena, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa hiyo maji yanayopanda mita 4 yatapanda mita nzima katika saa ya tatu, na mita nzima nyingine katika saa ya nne. Tarakimu hiyo naomba muiweke mfukoni, tutaihitaji.

Sasa, kuna mtoto wa ndugu yangu aliyesomea kompyuta mjini Unguja. Aliporudi Panza alikuja na kompyuta ya mtumba ya kupakata, paneli ndogo ya jua, na kipimo cha bei rahisi ambacho hutoa sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu kisha husubiri mwangwi wake. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Ukijua mwangwi umechukua muda gani kurudi, umejua maji yako umbali gani. Ndivyo popo wadogo wanavyojiongoza gizani. (Nimesema wadogo makusudi. Popo mkubwa wa Pemba, yule mla matunda anayejulikana hata nje ya nchi, hatumii mwangwi. Yeye hutegemea macho na pua.) Kijana akakifunga kipimo chake juu ya nguzo, kikitazama maji yaliyo mbele ya tuta ambalo wakulima wameliinua kwa mikono yao kulinda konde zao. Waya ukaenda hadi bandani kwenye kompyuta, na kwenye kioo akaweka alama: bahari ikifika hapa, maji yamegusa mguu wa tuta, watu waitwe waje na majembe.

Kipimo kilisoma mara kumi kwa kila sekunde. Mtu atauliza, mara kumi za nini? Geji nyingi za bandarini huwekwa ndani ya bomba lenye tundu dogo chini, ili mawimbi yasiingie na kipimo kisome maji yaliyotulia. Hizo zinataka kujua kujaa na kupwa. Kijana wetu hakuhitaji hilo, maana kujaa na kupwa wavuvi wa Panza wanakujua bila kompyuta. Yeye alitaka mawimbi. Tuta halivukwi na maji yaliyotulia. Linavukwa na wimbi moja au mawili yanayopanda juu ya maji yaliyokwisha jaa, yanamwaga chumvi kondeni, kisha bahari inarudi kama haikufanya kitu. Wimbi kama hilo hukaa juu sekunde mbili tu. Ukipima mara moja kwa dakika, huenda usilione maisha.

Basi siku moja ya bamvua tulikaa bandani, watu kama saba, kipimo kimewashwa tangu maji yamekupwa. Mwanzo mambo yalikuwa mazuri mno. Mstari ulicheza, watoto wakashangilia. Ilipotimia kama saa mbili, feni ya kompyuta ikaanza kulia kama mashine ya kukoboa mpunga, na mstari ukawa unasimama, unaruka, unasimama tena. Hakuna aliyejali, kwa kuwa ulikuwa bado unakwenda. Saa mbili nyingine zikapita. Mara akaja mlangoni mama mmoja mtu mzima, mwenye konde nyuma ya tuta, amekunja kanga yake mpaka magotini.

"Hodi wanangu. Hicho kioo chenu chasemaje?"

"Karibu, shikamoo bibi," kijana akamjibu. "Maji bado. Yamebakisha kama nusu mita kufika kwenye alama."

"Marahaba. Basi mwanangu, kioo chako kimelala. Mie natoka huko tutani sasa hivi, na maji yamenifika hapa." Akaonyesha kifundo cha mguu.

Tulitoka sote. Maji yalikuwa yamefika mguuni mwa tuta kama alivyosema, na wenye majembe wakaitwa kwa midomo, kama walivyokuwa wakiitwa siku zote. Hakuna lililoharibika siku ile. Ila kile kioo kilikuwa kikionyesha bahari ya nusu saa nyuma, na kama mnaikumbuka ile tarakimu niliyowaomba muiweke mfukoni, nusu saa katika saa ya nne ya bamvua ni nusu mita ya maji. Ndiyo ile ile nusu mita aliyomtajia bibi.

Jioni kijana akaniambia, "Ami, kuna fundi mjini ameniambia ninunue kompyuta yenye kasi mara mbili." Nikamwambia alete karatasi kwanza tupige hesabu, na ninyi wasikilizaji pigeni pamoja nasi.

Programu yake ilifanya hivi: kila kipimo kipya kilipofika, ilifuta picha nzima na kuichora upya kuanzia kipimo cha kwanza cha asubuhi. Mfikirieni mwalimu ambaye kila anapotaka kuongeza herufi moja ubaoni hufuta ubao mzima, akaandika somo lote tena, ndipo akaongeza herufi yake. Mistari mitatu ya kwanza wanafunzi hawatajua kuna kasoro. Ubao ukikaribia kujaa, mwalimu atakuwa hoi. Vipimo kumi kwa sekunde ni 36,000 kwa saa. Baada ya saa mbili ni 72,000. Kwa hiyo ili kuongeza nukta moja tu, kompyuta ilikuwa ikichora nukta 72,000, na ilitakiwa ifanye hivyo mara kumi kwa sekunde. Ukijumlisha nukta zote zilizochorwa katika saa ya kwanza peke yake utapata zaidi ya milioni 640, ilhali vipimo vyenyewe ni 36,000. Kama ingeendelea hivyo siku nzima, jumla ingepita bilioni 370.

Hapo ndipo ushauri wa yule fundi unapoanguka. Kompyuta ya kijana ililemewa ilipotimiza saa mbili. Yenye kasi maradufu ingelemewa ilipotimiza saa nne. Maji huchukua saa sita kujaa. Angeuza mbuzi wawili anunue mashine mpya, na bado kioo kingelala kabla bahari haijafika juu.

Wala si kosa la vifaa vya kuchorea alivyotumia. Alitumia matplotlib, ambayo vijana wengi wa vyuo vikuu wanaijua na haiuzwi, hutolewa bure. Iliandikwa na Mmarekani John Hunter na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Hunter alikuwa mtafiti wa ubongo, akitaka kuchora mikondo ya umeme katika bongo za wagonjwa wa kifafa. Alifariki mwaka 2012, na kazi yake inatumika dunia nzima. Kazi hiyo ilikusudiwa zaidi kutoa picha safi, zenye kufaa kuchapishwa katika kitabu. Picha ya kitabu huchorwa mara moja, basi. Ukiilazimisha ichore kitabu kizima mara kumi kwa sekunde, itakutii mpaka ianguke.

Sasa tuje kwenye dawa.

La kwanza ni kutenganisha kazi ya kusikiliza na kazi ya kuchora. Wapemba hili hawahitaji kufundishwa na mtu wa kompyuta. Msimu wa karafuu, nenda mahali zinaponunuliwa ukaangalie: mmoja anapima kwenye mzani, mwingine anaandika. Kama yule wa mzani angeacha mzani kila gunia akaenda kuandika kwa hati nzuri na kupiga mistari kwa rula, foleni ingefika barabarani. Programu ya kijana ilikuwa na karani mmoja. Alipokuwa akichora, kipimo kiliendelea kuleta namba, nazo zikapanga foleni. Kile tulichokiona kwenye kioo kilikuwa mbele ya foleni. Bahari ya kweli ilikuwa mkiani. Na foleni hiyo ina mwisho wake, maana sehemu ya kompyuta inayopokea namba kutoka kwenye waya ina nafasi ndogo, na ikijaa zinazofuata hupotea. Kwa hiyo makarani wawe wawili. Mmoja kazi yake ni kupokea namba na kuziandika katika faili, haachi mlango hata dakika moja. Mwingine huja kwa wakati wake, akachukua zilizofika, akachora. Akichelewa, picha yake itachelewa kidogo na itakuwa na mapengo ya muda, lakini akiamka ataruka moja kwa moja hadi kwenye maji ya sasa. Hatapita tena nusu saa iliyopita, hatua kwa hatua, kama mtu anayesoma magazeti ya wiki iliyopita kabla ya kufungua la leo.

La pili ni kumbukumbu. Wengi hudhani kompyuta ya mtumba inalemewa kwa sababu vipimo vimeijaza. Sivyo. Vipimo 864,000 vya siku nzima, kila kimoja kikichukua baiti 8, havifiki megabaiti 7. Picha mbili tatu za harusi zilizopigwa kwa simu zinazidi hapo. Lakini njia ya kuvihifadhi ina maana. Chukueni bao letu, lenye mashimo 32. Unapotembeza kete unazunguka, na ukimaliza mzunguko unarudi pale pale ulipoanza. Huchongi bao refu zaidi. Namba nazo zitembezwe hivyo: tenga mashimo ya kutosha saa kumi na mbili, zijaze moja baada ya moja, na ukirudi kwenye shimo la kwanza toa kete ya zamani, weka mpya. Kioo hakihitaji zaidi ya hapo, na yale ya zamani yamo salama katika faili.

La tatu ni kuacha kuchora kisichobadilika. Miraba ya nyuma, namba za pembeni, jina la mchoro, rangi ya ukingo: vyote hivi vilikuwa vikifutwa na kuandikwa upya mara kumi kwa sekunde, na maandishi ni katika vitu vizito mno kuchora. Inatosha kuvichora mara moja, kuitunza picha hiyo pembeni, na juu yake kuweka mstari peke yake. Hata matplotlib ina njia ya kufanya hivyo kwa anayeitafuta. Lakini kuna sharti: vipimo vya pembeni visihamehame. Kijana aliiachia programu iamue yenyewe mwanzo na mwisho wa kipimo cha wima, na kila wimbi lilipozidi kidogo mchoro wote ulinyooshwa upya. Bahari ya Panza haina haja hiyo. Weka sifuri hadi mita 5, iache hapo, na hata jicho litazoea kujua alama iko wapi.

Mashine za moyo hospitalini zimelimaliza suala hili kwa ujanja wa zamani. Nyingi kati yake hazisukumi picha nzima kwenda kushoto. Kuna upenyo mdogo unaotembea kutoka kushoto hadi kulia, unafuta ya zamani mbele yake na kuacha mapya nyuma yake, ukifika mwisho unaanza tena. Kinachochorwa kila mara ni kipande chembamba tu cha kioo.

Nipite haraka kwenye mambo madogo. Vioo vingi hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kuchora zaidi ya hapo ni kupika chakula kisicho na mlaji. Kwa bahari, mara mbili kwa sekunde zinatosha kabisa. Mstari uwe mwembamba. Mwaka 1962 Jack Bresenham, akiwa IBM, alitunga njia ya kuchora mstari ulionyooka kwa kujumlisha na kutoa namba kamili peke yake, bila kugawanya, na tangu hapo mstari mwembamba ni kitu rahisi kwa mashine. Mstari mnene wenye kingo zilizolainishwa unadai hesabu nyingi zaidi kwa kila nukta. Urembo huo kijana aliulipia kwa betri, na betri ile inategemea jua.

La nne ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huitibu kasi na kuua ukweli.

Kioo cha kompyuta ile kina safu 1,366 za nukta kutoka kushoto hadi kulia. Hakina zaidi. Ukitaka kuonyesha siku nzima, vipimo 864,000, kila safu moja itabeba vipimo 632, yaani zaidi kidogo ya dakika moja ya bahari. Ni dhahiri kwamba kuchora vyote ni kupaka rangi juu ya rangi. Lazima upunguze. Swali ni unapunguzaje.

Mvivu atasema: chukua kimoja, ruka 631, chukua kingine. Mchoro utakuwa mwepesi kama unyoya. Lakini wimbi letu la sekunde mbili lina vipimo 20 kati ya 632. Nafasi ya kulikuta kwa kuruka hivyo ni kama tatu katika mia. Yaani wimbi lililovuka tuta na kumwaga chumvi katika mpunga wa yule mama, mara 97 katika mia halitaonekana. Mwungwana atasema: basi tuchukue wastani wa vyote 632. Huyo ni mbaya zaidi, kwa sababu mchoro wake unapendeza. Wastani wa dakika moja ya mawimbi ni maji yaliyotulia. Wimbi litafutika kila mara, si mara 97 katika mia, na mtu wa mjini atakayeletewa mchoro huo atasema bahari haikufika juu ya tuta, wakulima wanatia chumvi.

Na tusidhani kasoro ya namna hii ni ya mabanda ya Panza tu. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka karibu na Sumatra, Indonesia, saa kumi kasoro dakika moja alfajiri kwa saa zetu. Mawimbi ya tsunami yalifika pwani ya Afrika Mashariki mchana wa siku ile ile. Somalia ilipoteza mamia ya watu, na hapa Tanzania walikufa watu wasiopungua kumi. Geji ya bandari ya Zanzibar iliyaandika mawimbi hayo. Lakini bahari ya Hindi wakati huo haikuwa na utaratibu wa kutoa maonyo, na geji zake nyingi zilituma habari mara moja kwa saa, au kwa kuchelewa zaidi. Wimbi la tsunami hupanda na kushuka kwa dakika kumi, ishirini, thelathini. Ukiwa na kipimo kimoja kwa saa unaweza kuchukua cha kabla na cha baada, na kilele kikapita katikati kama mwizi.

Baada ya msiba ule, kuanzia mwaka 2005, Tume ya Bahari ya UNESCO ilisimamia kuundwa kwa mfumo wa maonyo wa bahari ya Hindi. Geji nyingi zikafanywa kusoma kila dakika na kutuma kila baada ya dakika chache, na leo yeyote mwenye intaneti anaweza kutazama michoro yake katika kituo cha mtandao kinachotunzwa Ostend, Ubelgiji. Vituo vya maonyo navyo vimekuwa vikitumia programu ya kompyuta ya mezani iitwayo Tide Tool, iliyoandikwa katika Kituo cha Tsunami cha Pasifiki, Hawaii. Kazi yake ni ile ile ya kijana wetu, ila kwa geji nyingi kwa pamoja: kupokea ujumbe, kuufumbua, kuchora mstari, ili ofisa wa zamu aone wimbi limefika saa ngapi na lina urefu gani. Katika chumba kama hicho kioo kikilala nusu saa, kuna watu ufukweni hawataambiwa wakimbie.

Turudi kwenye zile safu. Dawa ni rahisi hata inatia haya. Katika kila fungu la vipimo 632, tafuta kilicho juu kuliko vyote na kilicho chini kuliko vyote, kisha vuta mstari wima kati yao. Ndivyo. Badala ya nukta 864,000 utachora mistari mifupi 1,366, na hakuna kilele hata kimoja kitakachopotea, kwa sababu kilele ndicho ulichokichagua. Mchoro utakuwa kama utepe: mwembamba bahari inapotulia, mnene inapochafuka. Mvuvi akiutazama anajua hapa palikuwa na upepo. Na juu ya utepe ule, kama kuna wimbi lililopita alama, litachomoza kama mwiba.

Watafiti wa Ujerumani, Uwe Jugel na wenzake, walilipanga jambo hili vizuri mwaka 2014. Walisema kwa kila safu weka vinne: cha kwanza, cha mwisho, cha juu na cha chini. Wakaonyesha kwamba kwa mchoro wa mstari, picha itakayotoka italingana na ile ambayo ingechorwa kwa vipimo vyote, nukta kwa nukta. Kabla yao, mwaka 2013, Sveinn Steinarsson wa Chuo Kikuu cha Iceland alitoa njia nyingine, inayochagua katika kila fungu kipimo kinachofanya pembetatu kubwa zaidi na jirani zake. Nayo ni nzuri, hutoa mstari unaopendeza na watu wengi wanaitumia. Mimi kwa bahari ya Panza nisingeichagua, kwa sababu inachukua kimoja tu katika kila fungu, na kama fungu lina kilele na bonde kwa pamoja, kimoja kitaachwa.

Zuri jingine la juu na chini ni kwamba halihitaji kurudiwa. Fungu likishapita limepita. Juu yake na chini yake hakubadiliki tena. Kipimo kipya kinapofika, kompyuta inauliza maswali mawili tu: umezidi cha juu cha fungu hili? Umepungua chini ya cha chini? Kisha inagusa safu moja ya mwisho. Kazi ya saa ya sita ni sawa na kazi ya dakika ya kwanza. Hapo ndipo mwalimu wetu anapoacha kufuta ubao.

Kijana alifanya mabadiliko hayo kwa siku tatu, kwenye kompyuta ile ile ya mtumba. Nilipokuwapo bamvua lililofuata, feni haikulia. Mchoro ulikwenda tangu kupwa hadi kujaa na kuanza kupwa tena, nami nikatoka mara nne kwenda kulinganisha na kijiti kilichosimikwa tutani. Mara zote nne ulikubaliana nacho.

Nilimwomba aongeze kitu kimoja, ambacho hakihusu kasi. Pembeni ya mchoro, kwa tarakimu kubwa za kusomeka kutoka mlangoni, pawe na umri wa kipimo cha mwisho: sekunde moja, sekunde mbili. Ukipita sekunde 10 bila kipimo kipya, mstari wote ugeuke kuwa mwekundu. Kwa sababu makarani wawili wanaweza kufanya kazi vizuri na bado waya ukatafunwa na panya, na mstari uliosimama mahali pamoja hufanana sana na bahari iliyotulia. Ninyi mlioko mjini mnaotazama mistari ya namna hii kazini, ya jenereta, ya matangi, ya majokofu ya chanjo, muulizeni aliyewawekea programu kama yenu inaonyesha umri huo, na kama haionyeshi, gharama ya kuuongeza ni mistari michache ya maandishi.

Mwishoni mwa wiki ile yule mama alipita tena bandani. Kusoma tarakimu za kompyuta hataki, anasema macho yake yamechoka. Lakini rangi ameielewa. "Kikiwa chekundu," alimwambia kijana, "usiniambie kitu. Mie n'tatoka mwenyewe nikatazame."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.